Siku Niliyofunga Maneno

Jumamosi, Kwaresima

Kumbe naweza kunyamaza. Wanawake wa jumuiya tulikubaliana kufunga maneno mpaka jioni, na mimi, msemaji wa mtaa mzima wa Mabatini, nimeweza.

Mchana Neema wangu alikuja. Nikamwonyesha kwa kidole kuwa nimefunga. Akakaa kunisaidia kumenya viazi vitamu, halafu akasema, "Mama, udaktari niliacha kusoma tangu mwaka jana. Kila nikitaka kukwambia, unaanza kunisifu."

Siku nyingine ningemkatiza. Leo nilimsikiliza mpaka mwisho, machozi yananitoka.

Mtaa mzima nimeutangazia kuwa mwanangu ana akili, na kweli anazo. Kama ana raha, sikuwahi kumuuliza.

Kesho wenzangu wataniuliza kimya kimenipa nini. Kimenipa mwanangu, nami nimechelewa mwaka mzima.