Choo cha Behewa

Jumanne, 10 Juni 2025
Leo nimesugua behewa la bosi Jonathan mpaka mgongo unalia. Zamani watu walikula humo treni ikitembea. Sasa limesimamishwa hapa karibu na ziwa, ni la sherehe. Viti vyekundu laini, taa za shaba, mapazia — raha. Sendofu ya Sabina wangu ni humo Jumamosi! Misungwi nzima nimeshawaambia.
Ila choo. Kilekile cha treni. Unafunua, unaona nyasi. Enzi hizo treni ilikuwa inaondoka, uchafu unabaki nyuma. Hili haliendi popote. Chini inzi wamejaa kama msibani. Nimetapika.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemwambia Jonathan, wakwe wanatoka Magu, uso nitauweka wapi. Ati ndiyo asili yake, wageni wanapenda. Watu wengine bwana. Nimeng'ang'ana, kakubali kuweka ndoo chini ya tundu.

Ijumaa, 13 Juni
Ndoo imewekwa. Nyeupe. Fundi kaijaribu mwenyewe, haja ndogo, anacheka eti imelenga. Nikamwambia basi kaimwage uioshe. Kamwaga. Kuosha ati kesho. Kinyaa.

Jumamosi, 14 Juni
Wakwe wamefika saa saba. Mzee Machibya, baba wa bwana harusi, hasemi sana, anatazama tu. Ila juisi ya ubuyu kaisifu. Glasi ya tatu hiyo. Sabina anatabasamu, nami roho kwatu.
Nikashuka kwa wapishi, wamekaa kivulini mwa behewa. Namuuliza dada Kashindye, juisi mmekorogea wapi?
"Si ile ndoo nyeupe, nimeikuta hapa haina kazi. Nikaisuuza."
Umesuuza na nini?
"Maji. We Rose ulitaka nisuuze na soda?"
Na pale ilipokuwa ndoo kaweka sufuria la pilau. Liko wazi, mfuniko kapangia kachumbari. Sogeza! Ati zito, wanaume wa kulibeba wanapigwa picha.
Nimepanda mbio. Nimeweka kiti mlangoni mwa choo, nimekaa, najifanya nina kazi, naandika. Mdomo huu haujawahi kunishinda. Lakini mkwe haambiwi habari za choo, hata kwa kuzunguka.
Mzee Machibya kasimama mbele yangu. Kashika mkanda.
"Mama Sabina, naomba nipite."
Naandika.
"Mama Sabina, juisi yenu tamu, lakini sasa nipishe."
Naandika tu. Sinyanyui kichwa.
Anatoa miwani mfukoni. Anaifuta kwa shati. Anavaa. Anainama huku kwenye daftari