Injini ya Baba kwenye Meza ya Cherehani

Jumamosi, 4 Machi 2023

Mwaka wa arobaini na mbili tangu niondoke kwetu. Niliondoka na nywele nyeusi na kitabu kimoja. Nywele zimekwenda, vitabu vimeongezeka hadi mwenzangu anavitumia kuzuia mlango usijifunge.

Leo silinda imefika. Hilo ndilo jambo.

Fundi mkerezaji wa mtaa wa nyuma ameichonga kutoka kipande cha shaba njano nilichompelekea, akaileta mwenyewe, imefungwa ndani ya soksi isikwaruzwe. Nimetia pistoni. Nimeziba upande wa chini kwa kiganja: pistoni ikakaa juu ya hewa, haishuki. Nimeondoa kiganja: ikashuka polepole kwa uzito wake, kama mtu aliyeshiba anavyoketi. Sijapata kuona kazi safi kama hii. Nimemwuliza alitumia kipimo gani.

“Mzee wangu, nimetumia macho, na subira ya kukuvumilia wewe.”

Mwanamke huyu ulimi wake na chuma chake cha kukerezea amevinoa kwenye jiwe moja.

Sasa nina silinda, nina gurudumu zito, nina fimbo ya kuunganisha. Zinatosha kuona umbo. Ni injini ya mvuke ya mtambo wa maji alikofanya kazi baba, ile iliyojaza chumba kizima, ila hii inaenea kwenye sinia. Mdogo wangu, ambaye hakuondoka, anayeishi bado katika nyumba ya baba, alisema tangu mwanzo: “Ikizunguka tu, kaka, unaipakia na unarudi nayo. Chumba chako nimeshakipaka rangi.” Mambo yaliyotufukuza yamekwisha. Waliotufukuza wengi wamekufa kwa uzee, vitandani mwao. Hakuna wa kunizuia.

Nilimjibu: ikizunguka, nitarudi. Wakati huo sikuwa na hata skrubu moja.

Jumanne, 7 Machi

Vipimo kutoka kwa mdogo wangu. Ana miaka sabini na mgongo wa kubembeleza, lakini amelala kifudifudi sakafuni kunipimia.

Mtambo wenyewe ulishastaafu. Pampu za umeme ziko jengo la pili, na jumba la injini ni stoo ya viti vya plastiki. Mlinzi anamjua, humfungulia. Futi ya chuma haikupita nyuma ya kisanduku cha vali (kile kinachogawa mvuke, mara juu ya pistoni, mara chini yake), kwa hiyo alipitisha uzi wa kushonea, akafunga fundo, kisha akaulaza uzi juu ya rula na kuupiga picha. Picha nane. Kila fundo dogo kama mbegu ya ufuta, na kila moja limekaa penyewe.

“Umenituma kupima kiuno cha bibi wa watu,” alilalamika kwenye simu. “Mlinzi anadhani nimerukwa na akili.”

Mwenzangu alidakia kutoka jikoni: “Shemeji, hajakosea sana huyo mlinzi.”

Walicheka wote wawili. Tangu mdogo wangu afiwe na mkewe, kicheko chake kinafika kwa kuchelewa, kama kimetoka chumba cha mbali. Anasema anapika sufuria ndogo na bado anabakiza.

Ijumaa, 10 Machi

Boila, tangi dogo la kuchemshia maji, imejaribiwa kwa fundi. Tumeijaza maji baridi hadi juu, tukasukuma kwa pampu ya mkono hadi mara mbili ya nguvu itakayofanyia kazi. Maji, si mvuke: ikipasuka inatulowesha tu. Haikupasuka. Sindano ya geji ya kupima msukumo ilisimama palepale, sisi tukaisimamia kama watu wanaosubiri mtoto aseme neno la kwanza. Fundi akafuta kila mshono kwa kidole kikavu. Kikabaki kikavu.

“Haya,” alisema. “Kachemshe chai.”

Jumapili, 19 Machi

Imezunguka.

Mwenzangu alikuwa amekataa katakata: kwenye meza yake ya cherehani hakuna moto. Ameshona kwenye meza hiyo tangu tufike, imewasomesha watoto. Lakini meza ya chakula inayumba. Mwishowe akaondoa vitambaa vyake, akaleta taulo lililoloa, akaketi mlangoni na ndoo ya maji miguuni. “Haya, muamshe mke mwenzangu,” alisema. Ndivyo anavyoiita injini.

Niliwasha spiriti. Ikachukua muda. Kwanza silinda ililia, ikatema maji. Nikaligusa gurudumu kwa kidole, likagoma. Nikaligusa tena. Likaondoka.

Sikuwa tayari. Nimesoma juu ya injini hizi miaka mingi, nilisahihisha vitabu vya namna hiyo kabla havijachapwa nilipokuwa kiwandani kwa mchapaji, najua kwa kichwa jinsi mvuke unavyoingia, unavyotanuka na kutoka. Lakini kuona maji ya bomba na moto wa spiriti vikikubaliana kusukuma chuma! Nilisimama kama mjinga.

Ila ilichechemea. Inakwenda, inasita, inakwenda. Nikaanza kupekua kitabu. Mwenzangu alikuwa ameinamisha kichwa.

“Moja nzito, moja nyepesi,” alisema. “Sikiliza. Upande mmoja unapewa zaidi.”

Kweli. Pumzi moja nene, moja nyembamba. Maana yake vali haikukaa katikati. Nikazima, nikasubiri ipoe, nikakaza nati ya fimbo ya vali nusu mzunguko. Nikawasha tena. Ikapumua sawasawa.

Nilimwuliza alijuaje. Alisema mashine yoyote inayonyanyua na kushusha ina kelele za aina mbili: ya kazi na ya kulalamika. Akarudi jikoni na ndoo yake. Tumeoana miaka hamsini na bado kuna droo ndani ya huyu mtu sijazifungua.

Jumatatu, 20 Machi

Nimemtumia mdogo wangu video. Amepiga baada ya muda mfupi tu.

“Nzuri sana, kaka. Lakini inakwenda kinyume.”

Kinyume na nini?

“Na ya baba. Ya baba ilizungukia kulia. Hii yako inazungukia kushoto.”

Nimemwambia haiwezekani. Nimelala na gurudumu lile machoni miaka yote hii, likizungukia kushoto. Naye akasema yeye alilitia grisi gurudumu hilo miaka kumi na tisa kwa mikono yake, kwa hiyo mimi niendelee tu kulala nalo. Tumebishana kama watoto wanaogombea kijiko. Mwenzangu akaniomba nipunguze sauti, majirani watadhani tunagawana urithi.

Jumatano, 29 Machi

Siku tisa hatukuzungumza juu ya gurudumu. Tulizungumza juu ya mvua.

Leo asubuhi, nikinyoa ndevu, nimeona. Mlango wa nyuma.

Nilipokuwa mtoto nilimpelekea baba chakula cha mchana, na watoto walikatazwa kupita mlango wa mbele. Nilisimama kwenye mlango wa nyuma, na kopo mkononi, nikilitazama gurudumu hadi aje. Mdogo wangu aliajiriwa pale akiwa mtu mzima, baada ya mimi kuondoka, akaingia kwa mlango wa mbele. Gurudumu ni moja. Ukilitazama upande huu linakwenda kulia, ukizunguka nyuma linakwenda kushoto.

Nami nilichora injini kwa upande wa mbele, kwa vipimo vyake, kisha nikaizungusha kwa kumbukumbu ya mlango wa nyuma. Kosa la namna hiyo nadhani nimelitunga mwenyewe, sidhani limo katika kitabu chochote.

Kulirekebisha: skrubu moja. Ile sahani iliyo kando kwenye ekseli, inayoivuta vali, unailegeza, unaizungusha hadi upande wa pili, unaikaza. Nimestaajabia tena akili ya aliyebuni kitu hiki. Mashine nzima inageuza nia yake kwa skrubu ndogo kuliko punje ya mahindi.

Nikawasha. Ikaenda kulia. Sawa, sahihi, na haikunigusa kabisa. Ilikuwa injini ya mtu mwingine.

Mwenzangu alinitazama usoni. Akashika sinia kwa vitambaa viwili, akaligeuza taratibu, injini ikizunguka vilevile, hadi mgongo wa injini ukanielekea.

Hapo. Kushoto. Nikakaa chini.

Nimempigia mdogo wangu, nikamwambia alikuwa sahihi. Akaniomba mara tatu nirudie, ili asikie vizuri.

Jumamosi, 1 Aprili

Mdogo wangu ametengenezesha meza. Seremala ameipima kwa uzi, urefu na upana wa sinia langu, na kwa sasa imewekwa karibu na kiti cha baba. Ananiuliza: iwe chini ya dirisha au upande wa ukuta? Nichore, aone nilivyofikiria.

Nimechukua penseli. Nimeweka mlango, nimeweka dirisha, nimeweka kabati. Mwenzangu amepita nyuma yangu na kikombe.

“Mbona unachora jiko letu?”

Nimetazama. Ni kweli. Hata ule ufa kwenye kigae kando ya sinki nimeuweka.

Nimefuta. Nimejaribu tena. Mtambo wa maji ninaweza kukuchorea bolti kwa bolti. Nyumba ya baba, sebule yake, nina kiti tu, na kiti hakikai mahali.

Alhamisi, 6 Aprili

Nimebadilisha pakingi inayozuia mvuke kwenye fimbo ya pistoni. Nimesugua uso wa vali juu ya kioo kwa unga laini, mara nyingine tena, hadi nikaona kope zangu ndani yake. Nilitaka izunguke polepole zaidi. Injini mbovu hukimbia. Nzuri ndiyo inayoweza kwenda taratibu bila kusimama. Baba alijivunia hilo. Alikuwa akiipunguza hadi unaweza kuhesabu mikono ya gurudumu, kisha anaweka mgongo wa kiganja kwenye beringi, kuona kama kuna joto.

Mwenzangu amesimama mlangoni muda mrefu.

“Injini inatembea,” alisema. “Tangu mwezi uliopita inatembea. Anayeisimamisha ni wewe.”

Nilisema bado kidogo.

“Mzee, ukisema twende, nitaifunga cherehani yangu kwenye sanduku, twende. Nilikufuata mara moja, njia naijua. Ila useme mwenyewe. Usimsingizie mke mwenza.”

Nikatoka kwenda kwa fundi kununua kipande cha bomba nisichokihitaji. Nikiwa pale, mdogo wangu akapiga. Kelele za mashine, hatusikilizani. Nikapaza sauti: nikifika nyumbani nitakupigia.

Nilidhani simu imekatika.

“Sawa, kaka,” alisema. “Ukifika nyumbani.”

Neno hilo “nyumbani” hakulisema kwa uchungu. Alilisema kwa uangalifu, kama mtu anayepokea glasi iliyojaa. Nimetembea kurudi na bomba langu, na kila duka lililo njiani nilijua lina nini ndani na nani ananuna kwenye kaunta.

Jumapili, 16 Aprili

Leo inazunguka kama ya baba. Nimeifungulia mvuke kidogo, kidogo zaidi, kidogo kabisa. Inafika juu, unadhani imekata tamaa, inapita. Mikono sita ya gurudumu, naiona mmoja mmoja. Hakuna mlio ila pumzi. Fundi alikuja kuitazama akitoka sokoni, akasimama na kikapu chake bila kukitua chini. Hakufanya mzaha hata mmoja. Kisha akasema silinda ni nzuri, aliyeichonga ni nani? Basi nikajua imempendeza.

Imebaki kazi moja, na haina spana.

Nimemwambia mwenzangu kwanza. Tulikuwa tukimenya viazi. Nilisema maneno machache, yale yale nitakayomwambia mdogo wangu. Hakushangaa. Aliendelea na kiazi chake, ganda moja refu halikukatika. Kisha akauliza, “Na ile meza yake?”

Hapo ndipo niliposhindwa. Mdogo wangu alilala sakafuni kwa ajili yangu. Amepaka rangi chumba. Ana sufuria ndogo, na sasa ana meza yenye ukubwa wa sinia langu, tupu.

Tumekaa. Viazi vimeisha. Nimesema injini ingefungwa vizuri ingefika. Boila kando, gurudumu kando. Kukaza upya ni kazi ya asubuhi moja, na hakuna mtu duniani anayejua zaidi yake kila kitu kinakaa wapi. Amelitia grisi lile gurudumu kubwa. Hili ni tone moja tu. Atasimama mbele, alipozoea.

“Umwambie aje kuichukua mwenyewe,” alisema mwenzangu. “Aone na sisi tunaishi vipi. Nitampikia sufuria kubwa.”

Kila Jumapili mdogo wangu hupiga saa kumi. Nimejaza maji, nimewasha spiriti, nimeweka simu karibu na silinda ili aisikie yenyewe kabla hajanisikia mimi. Sindano ya geji inapanda. Nimeligusa gurudumu, limeondoka kwa kidole kimoja. Mwenzangu ameketi upande wa pili wa meza, mikono mapajani, bila ndoo safari hii.

Simu inalia. Injini itakwenda. Mimi sitarudi.