Nimechagua Somo la Kutengeneza Gemu

Magomeni, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linasemaje? Naanza na goti kwa sababu nikikuuliza hali utaniambia nzuri, kama kawaida yako, hata kama umeshinda jikoni huwezi kuinuka. Na kabichi zimeshika? Mwanangu Stela anakula? Mimi mzima, kile kikohozi kimeisha, na leo nina furaha mpaka kalamu inaruka mistari, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Mama, chuo nimepata. Lakini somo nililochagua si lile tulilokubaliana na Mjomba Kondradi, ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza. Naomba usome mpaka mwisho ndipo umpelekee. Najua yeye ni kaka yako na ndiye mwenye neno juu yetu sisi watoto wako, wala sijamdharau. Alisema nisome kompyuta ya ofisini, miezi sita tu, nipate kazi haraka, kwa sababu mtoto akikaa mbali na mama yake muda mrefu humsahau. Neno zuri. Hata mimi nilienda chuoni na nia hiyo hiyo.

Sasa sikiliza. Unajua kazi yangu kwa Mama Rehema ni kukaa kwenye chumba cha gemu. Nawasha televisheni, napangusa zile pedi za kubonyezea, naamua ugomvi. Tangu biashara iachiwe huru kila mtu analeta vitu kutoka nje, na vyumba kama hiki mtaani kwetu viko vitatu. Watu wanacheza mpira, wanaendesha magari, wanapigana ngumi, yote kwenye kioo. Nimetazama mwaka mzima, najiuliza mbona hakuna hata gemu moja yenye mlima kama wetu. Nikaanza kuchora kwenye daftari, nikikumbuka nilivyochafua ukuta wa jikoni kwa mkaa ukanifukuza na mwiko.

Siku ya kujiandikisha, mwalimu mmoja mwanamke, anaitwa Mwalimu Upendo, alituuliza mmoja mmoja tunataka kazi gani. Nikasema nataka kutengeneza gemu. Darasa likacheka. Kijana wa nyuma akasema, "Dada, gemu zinatoka Japani. Sisi hapa tunazifuta vumbi tu."

Nikamwambia, "Vumbi nimelifuta mwaka mzima, mdogo wangu. Sasa nataka kujua kilichomo ndani."

Mwalimu hakucheka. Akaniita pembeni. "Somo linaloitwa gemu hatuna," akasema, "na sijui kama lipo nchi hii. Ila ziko njia mbili zinazoelekea huko. Moja ni kuchora kwa kompyuta, mwaka mmoja. Utatengeneza kadi za harusi na mabango, kazi hukosi. Ya pili ni kuandika programu, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata. Hiyo miaka miwili, na hesabu zake si za kuchezea."

"Kuchora naweza, mwalimu. Niandike huko."

"Usikimbilie. Nenda kaiandike hiyo gemu yako kwa maneno, bila picha hata moja. Iwe ya kuchezwa kwa punje za mahindi juu ya karatasi. Wape watu wacheze, wewe ukae kimya. Ukirudi kunieleza, tutajua somo lako ni lipi."

Mama, niliandika siku tatu. Gemu yangu ni njia yetu ya kushuka mlimani mpaka Bigwa. Mchezaji mmoja anashuka na tenga la ndizi kichwani, anawahi soko la Morogoro mjini. Mwenzake ameshauza, anapanda na tenga tupu, anawahi nyumbani kabla ya mvua. Nikaweka mawe yenye utelezi, nikaweka kijito kilichojaa, nikaweka na mbuzi aliyekata kamba. Nikaona nimemaliza.

Nikawaita Mama Rehema na Mzee Chande, fundi cherehani wa jirani. Wote watu wa pwani, mlima wanauona kwenye kalenda. Wakarusha dadu, wakaenda vizuri mpaka pale njia inapobana kwenye mwamba. Wakakutana uso kwa uso, Mama Rehema ana ndizi, Mzee Chande hana kitu.

"Nipishe," akasema Mama Rehema.

"Nikupishe una nini, bibi harusi?"

"Nina mzigo, huoni?"

"Mzigo wa punje moja. Karatasi imesema nani apishe? Soma hapa. Haijasema." Akaichukua punje ya Mama Rehema akaitupa bondeni, yaani chini ya meza. "Huyo kwisha. Mimi nimefika nyumbani, nakunywa uji."

Nilijiziba mdomo kwa kanga. Mama, mtu gani anamsukuma mwenye mzigo? Asiye na kitu husimama upande wa bonde akashika majani, mwenye mzigo akapita akiegemea mlima, wala hapewi salamu ndefu. Hilo nani hajui? Nikaichukua karatasi nikaisoma juu mpaka chini. Kweli sikuandika. Halikunijia hata kichwani kwamba ni jambo la kuandikwa.

Nikarudi kwa mwalimu nimeinamisha kichwa, nikijua ataniambia basi kachore kadi. Nilipomweleza alicheka mpaka akavua miwani.

"Umeona sasa? Kompyuta ni huyo Mzee Chande. Haikuzaliwa mlimani kwenu, haina mama aliyeifundisha kupisha. Usipoiambia haijui. Kuchora unajua tayari. Hili ndilo hujui, na bila hili hiyo gemu itabaki picha. Ila miaka ni miwili, mama. Una mtoto?"

Nikasema ninaye. Nikatoka nikakaa kwenye benchi la nje, furaha na hofu vimenishika mkono huku na huku.

Nyumbani nikaandika sheria ya kupisha. Nilidhani ni mstari mmoja, ikafika tisa, maana kila nikimaliza naona bado. Kama wote wana mizigo? Kama anayepanda amebeba mtoto mgongoni? Wakacheza tena. Mzee Chande akasogea upande wa bonde akasema, "Pita, mama, pole na mzigo." Hiyo pole sikuiandika mimi. Hapo nikajua sitaki kusoma kitu kingine. Fomu nimeijaza: kuandika programu. Masomo ni ya jioni, na kazi yangu inabaki.

Sasa la moyoni. Nilipokuja Pasaka, Stela aliniita dada. Ulicheka, na mimi nikacheka, lakini nikalia tangu Morogoro mpaka Chalinze. Mjomba amesema kweli kuhusu kusahau. Ila miaka miwili hii siwezi kuiacha, na miaka miwili bila mwanangu siwezi pia. Kwa hiyo sikuombi uendelee kumlea. Nakuomba unipe nije naye. Mama Rehema amekubali, jioni Stela atakaa na wajukuu zake, na chekechea iko nyuma ya nyumba.

Najua ninachokuomba. Najua nani anakuletea maji ya kunywa kwa kile kikombe chake kidogo, na nani anakupasha joto kitandani baridi ya mwezi wa saba. Ukisema hapana, nitachukua ile miezi sita, na sitakununia. Lakini nikikuwaza, naona umeshaanza kutafuta mfuko wa nguo zake.

Mpe Mjomba shikamoo yangu. Mwambie fomu naileta mwenyewe, pale pa sahihi ya mlezi pako wazi, panamsubiri yeye. Nisalimie mama mdogo wa kule misheni, katekista aliyenifundisha kusoma, na yule jirani yetu aliyesema nimekuja mjini kucheza. Mwambie ni kweli.

Nitafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Wiki hiyo usimsuke Stela. Ziache nywele zake, nitamsuka mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Felista, mama Stela