Hesabu ya Kioo cha Tatu

Studio, Chumba cha Nyuma
Jumapili, siku ya nne tangu jua lipatwe

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Kikohozi cha wifi kimepungua? Sisi huku ni wazima wa mwili, ila nyumba imepoa, na mama anatembea kwa kunyata kana kwamba kuna mgonjwa ndani.

Najua ulikuwa unasubiri habari za kupatwa kwa jua. Wale wataalamu wa darubini walimkubalia baba awapigie picha za jua hilo, naye akajiandaa miezi saba. Macho yake unayajua. Daktari amesema ukungu ule utazidi tu, kwa hiyo hii ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa ya mwisho.

Kazi ya kumhesabia, iliyokuwa yako, iliniangukia mimi. Vioo sita vya kunasia picha, kila kimoja na hesabu yake ya sekunde za kuacha lenzi wazi, na giza lenyewe la dakika mbili na nusu. Baba alijifunika kitambaa cheusi pamoja na kamera, akawa anabadilisha vioo kwa kupapasa. Haoni kitu, anasikiliza sauti yangu tu.

Giza lilipoingia, fundi cherehani wa jirani alitimua mbio na suruali ya mteja begani, mteja nyuma yake na nguo ya ndani. Nilicheka, lakini sikukosea. Kioo cha kwanza kikaenda, cha pili kikaenda. Cha tatu kilitaka hesabu ya ishirini. Nilifika saba, nikainua macho.

Sikuhesabu tena, kaka. Baba alisubiri, kifuniko cha lenzi mkononi, mpaka mwanga ukarudi. Kioo kile kiliungua chote kwa mwanga, vitatu havikuguswa, na vile viwili vya mwanzo, vya hesabu fupi mno, havionyeshi kitu. Mkuu wa wataalamu alifunga masanduku yake, akaondoka bila kumpa baba mkono.

Kila anayeuliza, baba anamwambia kamera iligoma. Mimi aliniambia, "Ni woga tu, mwanangu. Hata mimi ningefumba macho."

Sikufumba. Nililitazama lile duara jeusi na miali yake myeupe tangu hapo hadi mwisho, na sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Baba nilimsahau. Jana aliniomba nimsimulie lilikuwaje, nikamwambia sikuona.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mungu awatunze huko mliko. Ukinijibu kuhusu haya, andika kwenye karatasi ya peke yake, maana barua zako baba hutaka nimsomee kwa sauti.

Mdogo wako akupendaye kwa moyo wote