Mafaili Arobaini na Moja Yenye Sentensi Moja

Shikamoo Bi Asmahani,

Nakuandikia kutoka chumba cha kompyuta cha shule yetu hapa Kasulu, ambako siku hizi nakaa peke yangu kila mchana wenzangu wakienda kula, kwa sababu nimesema uongo na sijui niufuteje.

Rafiki yangu Niyonkuru tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza, mwaka ambao mama yake alifariki, na kwa kuwa nyumbani kwao hakuna aliyetaka kumtaja marehemu, yeye akawa anaandika habari zake kwenye tovuti moja ya vijana, katika kurasa alizozifunga zisisomwe na watu, jinsi mama alivyotwanga majani ya muhogo ya isombe huku akiimba, alivyokaripia, alivyocheka, kurasa arobaini na moja, na ni mimi pekee niliyeruhusiwa kuzisoma. Januari baba yake akahamia Murungu, kule Kibondo, kulima, Niyonkuru akaondoka naye, na sasa ana simu ya vitufe tu, haina intaneti. Halafu tovuti ikatangaza kwamba itafungwa tarehe thelathini mwezi huu.

Nikamwahidi nitazihifadhi. Mwalimu wa kompyuta, kabla hajahamishwa, alituwekea programu ambayo ukiipa anwani za kurasa inazipitia yenyewe na kuchukua maandishi, kila ukurasa faili lake. Siku ya kwanza ilikataa kabisa, nikagundua kompyuta inaonyesha mwaka 2012, maana betri yake ndogo ya ndani imekufa na umeme ukikatika inasahau tarehe, nikairekebisha, ikakubali, nikaona mafaili yote yamepangana, na jioni nikaazima simu ya mama nikamtumia Niyonkuru ujumbe kwamba tayari, kabla sijafungua hata faili moja.

"Zote?" akauliza.

"Zote."

"Hata ya isombe?"

"Hata hiyo."

"Asante dada. Sauti yake imeanza kunipotea, ndiyo maana nauliza."

Kesho yake nikayafungua. Yote arobaini na moja yana sentensi moja tu: Tafadhali ingia kwanza. Nimeiondoa programu na kuiweka upya mara tatu, bado ni vilevile, na ajabu ni kwamba nikifungua kurasa hizohizo kwa kawaida, kwenye kivinjari, nazisoma zote. Niyonkuru ananitumia salamu, sijibu, wiki ya pili sasa. Programu ina kasoro gani? Na nikiirekebisha kimyakimya, kuna haja ya kumwambia?

Winnie, kidato cha tatu

Marahaba Winnie,

Programu yako ni nzima, acha kuiweka upya. Nimemsomea barua yako Isihaka, fundi anayetunza kompyuta za ofisi ya gazeti letu. Akaniuliza, "Kwenye kivinjari, neno la siri aliingiza nani?" Nikamwambia hukusema.

"Basi ni mwenzake, kabla hajaondoka. Kivinjari bado kinamkumbuka. Programu ni mgeni, haijulikani pale. Imepiga hodi mara arobaini na moja, ikaandika ilichojibiwa mlangoni."

Tarehe uliigundua mwenyewe, hongera. Lakini hata mchuzi huonjwa kabla ya kupakuliwa, na wewe ulipakua wote na kumwita mwenzako mezani.

Katika mipangilio ya programu kuna sehemu ya kuingia. Inataka jina na neno la siri la Niyonkuru, na hayo yako Murungu. Najua utakachofikiri: kunakili kwa mkono kutoka kwenye kivinjari, asijue. Anza leo, ukurasa wa isombe uwe wa kwanza, wala usibonyeze pa kutoka, kivinjari kisije kikamsahau mwenzako. Ila ukinyamaza, mwanangu, utaokoa kurasa na kumpoteza mwenye kurasa. Msichana aliyekukabidhi mama yake anakusalimu wiki mbili hajibiwi. Unadhani kule shambani anajiambia nini?

Usimtumie ujumbe. Piga, leo jioni, kwa simu hiyohiyo ya mama yako. Mwambie, "Nilikudanganya, sikuwa nimefungua." Kisha mwombe neno la siri. Kesho chukua kwa programu ukurasa mmoja tu, ufungue, uuandike kwenye daftari, na jioni umpigie tena umsomee wote mpaka mwisho. Akisema ndivyo mama alivyokuwa, chukua arobaini zilizobaki.