Risasi ya Betri

Shoga, nimejifungia chooni hapa idarani. Nimeumbuka!

Leo nimetetea tasnifu. Unajua miaka mitatu narusha protoni kwa kasi ya ajabu kwenye sahani ya madini ya risasi, viini vya atomi vinapasuka, nami nahesabu vipande. Na unajua vile vipande vyepesi vilivyozidi, ambavyo niliviita ugunduzi wangu.

Basi yule mzee wa karakana aliyenikatia sahani, kaja kunisikiliza, akanyoosha mkono. "Mwanangu, ile si risasi tupu. Ni ya betri, imechanganywa na antimoni, madini mepesi kuliko risasi. Mbona nilimwambia Profesa?"

ALIMWAMBIA PROFESA.

Yaani vipande vyangu vimetoka kwenye antimoni, shoga. Antimoni!

Nikamfuata Profesa, msimamizi wangu, ofisini kwake. "Ulijua?"

Akavua miwani, akaifuta taratibu. "Nilijua mwaka jana. Makala yetu ilishatoka, ningefanyaje?"

Mwaka jana! Mwaka jana mzima namletea hesabu zangu, ananiambia hongera binti yangu.

Halafu ananiambia eti nimkane mzee. Niseme uzee umemchanganya. Mzee wa watu, pekee aliyesema kweli mle ndani!

Nikatoka. Nimeingia huku chooni, nimewaandikia wahariri waifute makala, na sababu nimeieleza yote bila kumficha mtu.

Shahada ndiyo imekwenda na maji, najua. Nalia, sikudanganyi.

Ila jina la kwanza kwenye ile makala ni la Profesa.