Barafu ya Embe ya Baba Mkwe

Jumapili, 1 Februari 2026

Na bado nasema atakuja. Titus anaoga, namsikia akiimba huko bafuni, anadhani yameisha. Hayajaisha. Nilimwambia mezani na nitamwambia tena akitoka: Jumamosi tunaenda pikiniki People's Park. Mimi na yeye, wifi yangu Mutindi, Mwaitu — ndivyo wanavyomwita mama yao, nami nimeshazoea — na baba mkwe. Wote mkeka mmoja. Joto hili si la kujifungia ndani.

"Baba hatakuja," anasema.

"Kwa nini?"

"Ni mtu wa zamani tu."

Hilo si jibu. Tangu harusi yetu ya Desemba, mzee Ndunda hajawahi kukanyaga hapa kwetu wala kuonja chakula changu. Tukienda kwake Mua ananisalimia akiwa mbali, anauliza kama wazazi wangu ni wazima, halafu anamkumbuka ng'ombe wake na kuondoka. Kila mara ng'ombe. Kwetu Nyeri mimi na baba tulikuwa tunakula hindi moja, yeye akianzia huku na mimi kule, mpaka tukutane. Nataka baba mwingine wa hivyo huku. Mengine yote ninayo. Mume ninaye — na mume gani!

Ametoka. Anauliza naandika nini. Mambo yangu.

Jumatano, 4 Februari

Leo nimegandisha barafu ya embe. Maembe yaliyoiva mpaka yanalia, maziwa mala ya mgando, ndimu, basi. Sukari hata chembe, kwa sababu mzee amekatazwa soda na daktari na Mwaitu anasema anaisikitikia soda yake ya jioni kama mtu aliyefiwa. Nimemwaga kwenye vikombe vya plastiki na kusimamisha kijiko katikati ya kila kimoja. Stima ikapotea mchana. Barafu ikawa uji. Stima ikarudi, nikaanza upya.

Titus alifika kutoka kiwanda cha nguo cha EPZ na nyuzi za jeans kwenye nywele. Kila jioni namtoa nyuzi, moja moja, na sitaki kazi hii iishe kamwe. Tulikula tumesimama mbele ya friji, mlango wazi, baridi ikitupiga miguuni. Kikombe kimoja, kijiko kimoja. Nyumba yetu ni chumba kimoja — kitanda, meza, jiko, friji ya shangazi — na jioni kama hii sioni ningeweka wapi chumba cha pili.

"Baba akionja hii," Titus akasema, halafu akajitia kijiko kingine mdomoni.

"Akionja hii nini?"

"Hapana. Ni tamu."

Jumamosi, 7 Februari

Alikuja. Alikuja! Na nimeharibu.

Nianze na mazuri. Mzee alishuka kwenye gari la jirani amevaa koti na kofia, kwenye jua lile. Akakaa ukingoni mwa mkeka, uso kwenye miti. Sawa. Tulikuwa na tikiti maji, njugu, mahindi ya kuchemsha. Mutindi akaanzisha kati, ule mchezo wa kumlenga aliye katikati, kwa mpira wa soksi, na Mwaitu — Mwaitu wa kanisani, wa leso mbili — akavua viatu akaingia katikati. Hakuna aliyempiga. Mutindi akalia kwamba mama anaiba, mama akamwambia wewe ndiwe huna shabaha tangu utotoni. Titus alicheka mpaka akalala chini. Nilimtazama nikafikiri, hii ndiyo, hii ndiyo niliyoitaka.

Ndipo nikachukua barafu. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya mzee, nikampa kikombe kwa mikono miwili. "Baba, hii nimekutengenezea wewe." Akapokea. Nikakaa palepale, tunatazamana, nikaanza kula yangu.

Wote wakatugeukia. Hata mpira ulisimama.

Mzee akainuka polepole. "Acha niangalie yale maji." Akaenda akasimama kule bwawani, mgongo kwetu, kikombe mkononi. Barafu ikayeyuka, ikamshukia mkono mpaka ndani ya koti. Hakula. Hakurudi mkekani. Aliporudi ilikuwa ni kuingia kwenye gari.

Jumapili, 8 Februari

Hanipendi. Labda alitaka Mkamba. Titus anasema sivyo, lakini hasemi ni vipi. Sikwenda kanisani. Tikiti lililobaki limechacha.

Jumanne, 10 Februari

Mutindi alipitia hapa akitoka saluni kwake. Akavua viatu, akaomba barafu, akanitazama machoni.

"Wifi, kwani hakuna mtu alikuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Nthoni." Akamgeukia Titus. "Wewe, ulioa mtu ukamnyima maelezo?"

Titus akaanza kutafuta kitu chini ya meza.

Sasa najua. Mzee wa Kikamba wa umri wa baba yao hali mbele ya mke wa mwanawe, wala mke wa mwanawe hali mbele yake. Hawakai karibu. Si chuki. Ni heshima, na aibu imo ndani yake. Wengi wameacha, yeye hajaacha.

"Na wewe ukamkalia hapo," Mutindi akasema, "unalamba kijiko kama mko darasa moja." Akacheka mpaka barafu ikamtoka. Mimi nilitaka ardhi inimeze.

"Kwa hiyo nilimtukana."

"Angeona ni matusi angeiweka chini. Kwani aliiweka chini? Aliishika mpaka ikaisha yote. Na kuja tu, wifi — Mwaitu hakuamini alipomwona akipiga viatu rangi."

Nilimuuliza Titus kwa nini hakusema. Alisema alidhani nikijua nitawaona washamba. Nilimnunia mpaka ugali ukaiva. Halafu nikaona uzi mmoja kwenye sikio lake, na ikawa vigumu kuendelea.

Lakini nimeamua. Mzee sitambadilisha, ni wake alivyo. Na barafu yangu siiachi. Lazima kuna njia ya kupita katikati, na nitaipata mimi.

Jumamosi, 14 Februari

Titus alitaka kunipeleka mahali penye maua mekundu. Nikamwambia nipeleke kwa baba yako.

Tulifunga vikombe kwa magazeti, tukavitia kwenye ndoo, blanketi juu. Tukafika Mua barafu zikiwa bado ngumu, migongo tu ikianza kuyeyuka. Mimi nikaingia moja kwa moja jikoni kwa Mwaitu, lile jiko la mbao lililo nje. Sikumtafuta mzee. Alikuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye kivuli, na Titus. Mwaitu akampelekea kikombe, akarudi, akakaa mlangoni.

Kisha nikasikia kijiko kikikwangua plastiki.

Moyo wangu!

"Mama Mutindi," sauti ikatoka nyuma ya mbao, "mwambie huyo mwana ndimu imezidi."

Mwaitu akanigeukia kana kwamba mimi ni kiziwi. "Wanja, mzee anasema ndimu imezidi."

"Mwambie baba nitapunguza."

"Anasema atapunguza."

"Mwambie asipunguze sana."

Nikachukua changu nikala, upande wangu wa ukuta. Yeye kule, mimi huku. Kama lile hindi.

Akauliza, kupitia kwa Mwaitu, watu wa Nyeri hula nini wakati wa joto. Nikajibu, kupitia kwa Mwaitu, kwamba joto lenyewe tulikuwa tunalisikia kwenye redio. Akacheka. Sikujua ana kicheko, kirefu hivyo. Kisha akasimulia alivyonunua barafu ya kuuzwa kwenye baiskeli pale Kyumbi akiwa kijana, akaibeba kwa miguu kumpelekea msichana fulani, ikafika maji.

"Na nilikunywa hayo maji," Mwaitu akasema, bila kumtazama mtu.

Ng'ombe hakutajwa hata mara moja.

Njiani Titus alinishika mkono mpaka nyumbani. Sihitaji maua.

Jumatatu, 23 Februari

Mwaitu amepiga simu. Nilikuwa nasaga maembe, mikono yote njano, nikapokea kwa kiwiko.

Mzee anauliza barafu ambayo mgongo wake haujaanza kuyeyuka ikoje. Anasema anataka kuionja ikitoka kwenye friji yenyewe. Anataka kuja. Kwetu. Halafu Mwaitu akashusha sauti: "Lakini anauliza, hapo kwenu kuna ukuta?"

Nikatazama. Kitanda. Meza. Jiko. Friji.

"Mwambie ukuta upo."

Titus, aliyekuwa anakula, akaacha kutafuna.

Nilikimbia sokoni kabla hawajafunga, nikarudi na kitambaa kizito cha kijani, kile kisichoonyesha mtu. Sasa Titus yuko juu ya kiti na waya na misumari mdomoni, anapima kutoka dirishani mpaka kwenye friji. Anasema waya hautashika. Nimemwambia utashika. Anashona suruali za watu wa ng'ambo, atashindwaje na pindo la pazia moja.

Anauliza friji ibaki upande gani. Ya baba, nimesema. Mimi nitapitishiwa.

Simu inalia tena, ni Mwaitu. Mzee anataka kujua lini. Nimemwambia aje kabla ya mwezi huu kuisha.